Pengo la Bohari ya Dawa na nafasi ya mfanyabiashara mdogo

Mfanyabiashara mdogo anayetaka kuiuzia serikali dawa na vifaa tiba mara nyingi hukodolea macho zabuni kubwa za kitaifa. Huko atakutana na viwanda na waagizaji wanaoleta shehena nzima kwa meli, na hata akishinda hana ghala wala mtaji wa kutosha kutekeleza mkataba. Nafasi yake iko ngazi ya chini zaidi, pale Bohari ya Dawa, ghala la serikali ya Tanzania linalovihudumia vituo vya umma, inapoishiwa na kituo cha afya kikalazimika kutafuta kwingine. Namna mkoa wa Dodoma ulivyolishughulikia pengo hilo kuanzia mwaka 2014, kwa mfumo wa mshitiri (muuzaji mmoja aliyepewa mkataba wa mkoa mzima) unaoitwa Jazia, inatufundisha kwamba kinachomwezesha muuzaji binafsi kuihudumia sekta ya afya ya umma ni mpangilio wa oda na malipo. Bei nafuu peke yake haimfikishi mbali.

Kabla ya Jazia, kituo kilichokosa dawa Bohari kilikusanya kotesheni za maduka kadhaa, kikanunua kiasi kidogo kwa bei ya juu, na kazi hiyo ikarudiwa kituo kwa kituo. Mradi wa Tuimarishe Afya, uliofadhiliwa na Uswisi, uliusaidia mkoa kutangaza zabuni moja kwa niaba ya halmashauri zake zote, na bei zikawekwa kwenye mkataba. Utaratibu wenyewe ni huu: zahanati inaagiza kwanza Bohari ya Dawa, Bohari ikikosa, tuseme, glavu na amoksilini, inathibitisha kwamba vitu hivyo havipo, mfamasia wa wilaya anajumlisha mahitaji ya vituo vyake, na ni upungufu huo tu unaopelekwa kwa mshitiri. Mfumo ulifika Morogoro na Shinyanga, kisha mikoa yote ya Tanzania Bara. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2019 ilionyesha kwamba upatikanaji wa dawa muhimu zilizofuatiliwa Dodoma ulipanda kutoka asilimia 69 mwaka 2014 hadi 94 mwaka 2018.

Kwa muuzaji, utaratibu huo umeondoa hasara mbili. Hakisii tena soko, kwa sababu oda inamfikia ikiwa na uthibitisho kwamba bidhaa inahitajika. Pia hasafirishi boksi moja kwenda zahanati moja, kwani mahitaji ya wilaya nzima yamejumlishwa. Hasara ya tatu, ambayo ni ucheleweshaji wa malipo, haiondolewi na mkataba. Hati ya ununuzi si fedha. Kabla ya kupakia mzigo, muuzaji anapaswa kujua ankara yake italipwa kutoka fungu gani: makusanyo ya kituo, fidia ya bima au fedha za wafadhili, kwa maana kila fungu lina kalenda yake.

Wapo watakaosema kwamba mshitiri mmoja kwa mkoa mzima amewafungia mlango wenye maduka madogo waliokuwa wakiuza kwa kotesheni. Hoja hiyo ina uzito, na kurudi kwenye kotesheni za kila kituo si jawabu, maana anayeumia ni mgonjwa. Dawa ya tatizo ni kuigawa zabuni kwa mafungu, ili vifaa vya maabara, vya meno na vya usafi viweze kuombwa peke yake, na kuruhusu wafanyabiashara kuomba kwa ubia. Wengine wataitaja Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, inayotenga asilimia 30 kwa makundi maalumu, wakiwemo vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Fursa hiyo ni ya haki na itumike. Lakini sheria humpa mtu mkataba bila kumpa mtaji wa kungojea malipo, na kikundi kilichokopa ili kutimiza oda kinaweza kufilisika huku kinaidai serikali. Kenya nayo imetenga asilimia 30 tangu mwaka 2013, na kilio cha wazabuni kuhusu madeni ya kaunti hakijaisha.

Kwa hiyo anayeanza ajisajili kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, auze dawa na vifaa vilivyosajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) kutoka jengo lenye kibali cha Baraza la Famasi, na achague bidhaa chache anazoweza kuzileta bila kukosa. Masharti haya ya ubora yasilegezwe kwa huruma, kwa sababu dawa bandia haina mzabuni mdogo wala mkubwa. Halmashauri nazo zina wajibu wao: kutoidhinisha oda ambayo fungu lake halina fedha. Zikilipa kwa wakati, wauzaji wadogo wengi zaidi watathubutu kuomba zabuni, na vituo vitakuwa na wa kuchagua siku Bohari inapoishiwa.