Sauti Mbili: Khadja Nin na Bi Kidude

Darasani tuliulizwa ni mwimbaji gani wa kike tunayempenda zaidi na kwa nini sauti yake inatugusa. Wenzangu wengi walitaja waimbaji wenye sauti nyororo. Mimi nilitaja wawili wasiofanana hata kidogo: Khadja Nin wa kwetu Burundi na Bi Kidude wa Zanzibar. Nilipotaja jina la pili watu walicheka. Mmoja alisema sauti ya Bi Kidude ni kama mlango usiotiwa mafuta. Insha hii ni jibu langu kwake.

Nianze na Khadja Nin. Alizaliwa Burundi mwaka 1959, na baadaye akahamia Ubelgiji. Katika albamu yake ya Sambolera ya mwaka 1996 kuna wimbo uitwao "Sina Mali, Sina Deni". Muziki wake ni wa Stevie Wonder, kutoka wimbo wa "Free", jina linalomaanisha kuwa huru. Khadja Nin hakutafsiri neno hilo. Alijiuliza, nadhani, uhuru ni nini kwa mtu wa kwetu. Kwa mtu anayechukua sukari kwa mkopo, uhuru ni kupita mbele ya duka bila kuitwa. Anaimba kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekwisha kulia. Asiyedaiwa hana haja ya kupiga kelele.

Wimbo huo niliusikia kwanza kwa mama yangu. Mama aliuza ndagala sokoni Bujumbura, na biashara yake yote aliifanya kwa Kiswahili. Lakini wageni wakija nyumbani, alitukataza kukisema, kwa sababu kwetu wako watu wanaodhani Kiswahili ni lugha ya wajanja. Usiku, akiosha vyombo, aliimba wimbo wa Khadja Nin polepole. Hapo nilielewa kwamba lugha tuliyoificha ilikuwa na heshima yake.

Hata hivyo, sauti hiyo ina kasoro. Katika baadhi ya nyimbo vyombo vimepangwa kwa usafi mno, na mwimbaji anasikika yuko mbali, kama nyuma ya kioo. Kiswahili kinakuwa pambo kwa msikilizaji asiyekielewa.

Bi Kidude hana kioo. Jina lake lilikuwa Fatuma binti Baraka, na alifariki Aprili 2013 akiwa bibi mzee sana. Aliimba taarabu na kupiga ngoma za unyago. Alijifunza nyimbo za Siti binti Saad, ambaye alirekodi santuri Bombay mwaka 1928. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX.

Mwenzangu ana haki: sauti hiyo inakwaruza. Lakini sikiliza pumzi. Mwimbaji wa studio huificha pumzi yake. Bi Kidude anaiacha isikike, na kila anapovuta hewa unajua mstari unaokuja una gharama. Anapofika noti ya juu haipandi kwa ngazi, anairukia. Akiikosa kidogo, haombi radhi.

Kwa maoni yangu, sauti inayogusa si lazima iwe nzuri. Ni sauti isiyotuomba tuipende. Khadja Nin anafanya hivyo kwa utulivu, Bi Kidude kwa ukali. Nikilazimishwa kuchagua, nitamchagua Bi Kidude, ingawa aliyenifungulia mlango ni Khadja Nin.

Likizo iliyopita nilimpigia mama wimbo wa Bi Kidude katika simu. Tulikuwa na wageni sebuleni. Nilitaka kuuzima, lakini mama akanishika mkono.

"Acha, mwanangu," akasema kwa Kiswahili, mbele yao. "Huyu bibi hajamaliza."