Richard Kelly: Zima Taa Uone Nje

Jaribu hii leo usiku. Washa taa ya keja yako, simama dirishani, angalia nje. Unaona nini? Unajiona mwenyewe. Dirisha limegeuka kioo cha kujitazamia na mtaa wote umepotea.

Philip Johnson alikuwa na shida hiyohiyo, ila yake ilikuwa kubwa zaidi. Mwaka 1949 alijijengea nyumba ya kuta za kioo kule New Canaan, Marekani. Mchana alitazama miti na nyasi. Usiku alitazama sura yake pande zote nne. Aliyemwokoa ni Richard Kelly, kwa dawa rahisi hadi inaudhi: punguza taa za ndani, halafu mulika miti ya nje. Kuta zikayeyuka tena.

Kelly, aliyezaliwa 1910, alifungua ofisi yake ya taa New York mwaka 1935. Baadaye alirudi darasani kusomea usanifu majengo Yale, akamaliza 1944. Mimi niliyeacha chuo katikati, hapo pananichoma kidogo. Lakini namwelewa: nadhani alitaka kuwepo mezani jengo linapochorwa, si kuitwa mwishoni kufunga balbu.

Mwaka 1952 aliandika kwamba mwanga ni wa aina tatu: unaokwambia tazama hapa, uliotapakaa ukakutuliza, na unaometameta ukayachezea macho.

Kwangu mimi kazi yake bora ni makumbusho ya Kimbell, Fort Worth, aliyofanya na Louis Kahn na kufunguliwa 1972. Jua kali la Texas linaingia kwenye ufa ulioachwa juu ya dari la tao, linakutana na bati la alumini lenye vitundu, linarushwa juu kwenye zege, kisha linateremka likiwa limepoa. Huwezi kusema hapa Kahn ameishia, hapa Kelly ameanzia. Hiyo ndiyo sifa yake, na ndiyo sababu wengi wanamtaja Kahn na kumsahau yeye.

Lawama yangu ni moja. Nyingi ya kazi zake kubwa zilienda kwa wenye pesa: mnara wa kampuni ya pombe ya Seagram, mikahawa ya bei, nyumba za matajiri. Kwetu mtaani mwanga ulikuja na jina lake kabisa: mulika mwizi. Mlingoti mrefu, taa kali juu. Inasaidia, sikatai; mama mboga anauza hadi usiku. Lakini sikia hilo jina. Taa hiyo imewekwa kumsaka mtu, si kumkaribisha. Kelly aliwauliza wateja wake wanataka kuona nini. Sisi nani alituuliza?

Bado dawa yake ya New Canaan haina bei. Zima ile balbu ya katikati, ngoja kidogo. Mtaa utarudi dirishani.