Antipasto: Mpishi Hana pa Kujificha

Kabla ya tambi na nyama, meza ya Kiitaliano hutanguliwa na antipasto, vitafunio vya kuamsha hamu ya kula. Vingi havipikwi sana, na ugumu uko hapo: hakuna mchuzi wa kufunika kiungo kibovu.

Bruschetta (tamka brusketa) ni mkate wa wakulima wa Italia ya kati. Mkate wa jana au juzi, wenye ganda gumu, huchomwa juu ya makaa, kisha ukiwa bado wa moto husuguliwa punje ya kitunguu saumu kibichi. Uso mkavu wa mkate hukikuna kama mbuzi ikunavyo nazi. Halafu mafuta ya zeituni na chumvi, basi. Toscana huiita fettunta, na nyanya haziwekwi. Mafuta mazuri hunukia majani mabichi na huwasha koo kidogo. Usiulaumu muwasho huo, ndio dalili ya zeituni zilizokamuliwa mapema. Yakinuka kama karanga zilizochacha, rudisha sahani. Ganda livunjike kwa mlio, ndani pawe laini. Mkate uliolowa ulitayarishwa mapema ukakungoja.

Mozzarella ya maziwa ya nyati wa kufugwa, ile ya Campania, huwa nyeupe pepe. Ya ng'ombe ina unjano kidogo. Ikate: ngozi iwe nyembamba na maziwa yachuruzike. Ikitafunika kama mpira, au ikiletwa baridi moja kwa moja kutoka friji, hutaijua ladha yake.

Wanaokula nguruwe watazame paja la Parma: nyama na chumvi tu, likakaushwa miezi isiyopungua 14, na chapa ya taji kwenye ngozi. Wakaguzi hulidunga sindano ya mfupa wa farasi, wakainusa. Mafuta ya pembeni yasikatwe. Utamu uko humo. Wengine wana bresaola, nyama ya ng'ombe ya Valtellina. Nayo waikatae ikishamwagiwa limau jikoni, maana rangi hufifia.

Na sahani iwe ndogo. Antipasto inayoshibisha imeharibu kazi yake, hata iwe tamu vipi.

Msomaji wa pwani anaweza kujaribu haya Malindi, mji wenye Waitaliano wengi. Uliza kwanza mozzarella imefika lini. Mhudumu akisitasita, agiza bruschetta.