Msimwonee Huruma Maud Lewis

Kila nikisoma kuhusu Maud Lewis, sentensi ya kwanza huwa ya mikono yake. Alizaliwa huko Nova Scotia, Kanada. Baridi yabisi ilimpata angali mdogo, vidole vikakunjika, kidevu kikainamia kifua. Halafu ndio tunaambiwa, ati licha ya hayo yote, alichora. Hiyo "licha ya" inanikera. Inamfanya msanii kuwa mgonjwa jasiri, na picha zake kuwa cheti cha hospitali.

Hebu tuangalie picha zenyewe. Maksai wawili wamefungwa nira, macho makubwa, kope ndefu kama wanaenda harusini. Paka watatu weusi katikati ya maua. Theluji imefunika shamba zima, lakini miti bado ina majani mekundu, yale ambayo kwao huanguka kabla baridi haijaingia. Mtu wa vitabu atasema hilo ni kosa. Mimi naona ni uamuzi. Vivuli karibu hakuna, rangi zinakaa jinsi zilivyotoka kwa kopo, na unapata theluji ambayo haikutetemeshi. Alichora kutoka kichwani, akiwa ameketi ndani kando ya dirisha, na kichwani misimu haipangi foleni.

Mwili uko pale pia, siwezi kukataa. Mbao zake ni ndogo kwa sababu mkono haukufika mbali. Lakini kwenye hako kanafasi anaweka bandari, barabara, kilima na kanisa, na hakuna kinachosukumana. Wengi wenye mikono mizima hawawezi hiyo hesabu.

Aliishi Marshalltown na mumewe Everett, mchuuzi wa samaki, waliooana 1938. Nyumba ya chumba kimoja, bila stima, bila maji ya mfereji. Akaichora yote: mlango, vioo vya dirisha, ngazi, mpaka jiko. Leo nyumba hiyo nzima iko ndani ya jumba la sanaa la mkoa, mjini Halifax.

Nje aliweka kibao cha kuuza picha. Dola 2 au 3, baadaye 5. Mteja akitaka maksai, anapewa maksai, wale wale tena na tena. Kuna wanaomdharau kwa hilo. Kwani fundi wa jua kali akipiga jiko la mia moja, tunasema ameishiwa na mawazo? Mimi hulipwa kwa makala, kwa hivyo najua kurudia ni kodi ya nyumba. Na ukiweka maksai wake wawili kando kando, kilima kimesogea, maua yamebadilika. Alikuwa bado anajaribu kitu.

Filamu ya *Maudie*, ya 2016, ilimleta kwetu wengi. Sally Hawkins anaigiza vizuri sana, lakini muda mwingi ni habari ya ndoa, na picha zinabaki pambo la ukutani. Unatoka umelia, hujui hata alipendelea rangi gani.

Mwaka wa 2022, picha yake ya lori jeusi iliuzwa mnadani kwa dola 350,000 za Kanada. Wenyewe waliipata miaka ya sabini kwa kubadilishana na sandwichi za jibini mkahawani mwao. Magazeti yote yaliandika kuhusu sandwichi. Mimi nilitaka mtu aniambie kama hilo lori lina kivuli.