Land Cruiser ya Mkonga na Gereji za Kigoma

Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ambayo Watanzania huiita mkonga kwa bomba la hewa linalopanda ubavuni hadi usawa wa paa, hutengenezeka Kigoma na Ujiji kwa sababu sehemu kubwa ya sevisi yake haihitaji kompyuta. Mfululizo huo ulianza 1984. Injini ya 1HZ, iliyokuja 1990, ina silinda 6 za mstari mmoja na ujazo wa sentimita za ujazo 4,164. Haina tabo, na pampu yake ya dizeli huendeshwa kimitambo. Ikigoma kuwaka, fundi wa gereji bubu hulegeza nati ya bomba la nozeli, stata ikapigwa, akatazama kama dizeli inafika. Prado yenye injini ya 1KD haichunguzwi hivyo: mgandamizo wa dizeli ndani yake unaweza kumjeruhi mtu, na nozeli mpya husajiliwa kwenye kompyuta ya gari.

Maji huingia kwa urahisi kwenye dizeli inayouzwa kwa madumu. Chujio la 1HZ lina kizibo chini na pampu ya mkono juu. Kizibo hulegezwa hadi maji yaishe, kisha pampu hubonyezwa mpaka iwe ngumu, dalili kwamba hewa imetoka. Spana huenda isiguswe kabisa.

Kiangazi shida huwa vumbi. Mkonga huvuta hewa ya juu, lakini chujio la hewa bado hujaa. Hupulizwa kwa kompresa kutoka ndani kwenda nje. Anayepuliza kinyume huzamisha vumbi kwenye karatasi. Masika matope hushambulia sili za magoti ya ekseli ya mbele, na hapo kazi ni ndefu na chafu. Afadhali maji ya Ziwa Tanganyika si ya chumvi, hivyo fremu haili kutu kama ya gari la Zanzibar.

Urahisi wa kutengeneza 1HZ una mpaka: mkanda wa taimingi. Taa ya T-BELT huwaka kila kilomita 100,000, na mkanda ukikatika pistoni hugonga valvu. Kwa gari la mtumba, ambalo mita yake huenda ilirudishwa nyuma, mkanda hubadilishwa mara tu linaponunuliwa.

Springi za nyuma ni mabapa ya chuma yaliyobebana. Likikatika moja, hung'olewa hilo tu, na la gari chakavu hutiwa mahali pake bila kungoja mzigo kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli.