Kuupa Mbuni Majina

Robusta ni mtoto wa misitu ya Kongo aliyepewa jina ugenini. Karibu mwaka 1900, wauza miche wa Brussels walipata mbegu kutoka Kongo, wakauita mmea huo robusta, yaani wenye nguvu, na jina likazagaa hadi kwenye makopo ya kahawa dunia nzima. Mwaka 2014 jarida la Science lilipochapisha jenomu ya robusta, yaani mfuatano wa herufi za DNA yake, mche uliosomwa ulikuwa na asili ya Kongo. Watafiti walihesabu ndani yake jeni 25,574 zenye maelekezo ya kutengeneza protini. Kila moja ilitakiwa iwekewe mipaka, kisha iitwe jina.

Kuweka mipaka hiyo na majina hayo ndiko kufafanua jeni. Ni ufundi wa kukaa kitako.

DNA huandikwa kwa herufi nne tu, A, C, G na T, bila nafasi kati ya maneno wala nukta. Programu ya kompyuta huipitia na kukisia: jeni inaanzia hapa kwenye ATG, inaishia pale kwenye TAA, TAG au TGA. Katikati mna mapande ambayo seli huyakata kwenye nakala ya jeni, yaani RNA, na kuyatupa kabla ya kutengeneza protini, na karibu yote huanza na GT na kuishia na AG. Tatizo ni kwamba GT na AG zimetapakaa kila mahali kama kokoto. Kompyuta hupatia mara nyingi, lakini inapokosea hukosea bila haya.

Hapo ndipo macho ya mtu yanapotakiwa. Tuseme mwanagenzi amefungua jeni moja. Juu ya kioo pana mchoro wa kompyuta, visanduku vilivyounganishwa kwa mstari; chini yake vimepangwa vipande vya RNA vilivyosomwa kutoka kwenye jani. Vipande vinane vinaruka kutoka kisanduku cha pili hadi cha tatu, ila vinatua herufi sita mbele ya ukingo uliochorwa. Nani asadikiwe? Anatafuta AG mahali vipande vilipotua, anaiona. Anausogeza ukingo, anaisoma protini upya, anailinganisha na ya nyanya, ambayo ina undugu wa mbali na mbuni. Sasa zinakwenda sambamba. Herufi sita ni asidi amino mbili tu, na kazi yenyewe imemla saa nzima. Lau zingekuwa tano, kila kilichofuata kingesomeka ovyo.

Jeni za kafeini ni mtihani mzuri zaidi. Kwenye mbuni, baadhi yake ni nakala zilizojirudia na kukaa jirani, zikifanana kama pacha, na jeni za namna hiyo ndizo ambazo programu hupenda kuziunganisha kuwa moja. Kutokana na kuzitenganisha na kuzilinganisha, watafiti wa 2014 walionyesha kwamba kafeini ya kahawa ilizuka kivyake, mbali na ile ya chai na kakao. Mimea hiyo haikurithi ujuzi huo kwa babu mmoja.

Jina nalo linataka tahadhari. Muhogo, unaowapa watu wa Bunia, mashariki mwa Kongo, sombe na unga wa fufu, unasumbuliwa na virusi vya batobato. Kwa miaka mingi wataalamu walijua kuna kinga katika mihogo fulani ya Afrika Magharibi, lakini jeni yake haikujulikana. Mwaka 2022 kidole kilielekezwa kwenye jeni inayotengeneza sehemu ya kimeng'enya cha kunakili DNA. Jina lake lilikuwa sahihi kabisa, na bado halikudokeza neno lolote kuhusu ugonjwa. Mwanagenzi afundishwe mapema kwamba jina ni dai linalosubiri ushahidi.

Kwamba ufundi huu hufundishika hapa kwetu Afrika, shahidi ni njahi, au fiwi kwa Kiswahili cha zamani. Mwaka 2023 kundi lililoongozwa na Waafrika, wakiwamo watafiti wa taasisi ya ILRI ya Nairobi, lilichapisha jenomu yake hadi ngazi ya kromosomu. Miongoni mwa waliyoyaeleza ni mpangilio wa jeni za vizuizi vya tripsini, protini zinazolikwamisha tumbo kusaga chakula. Mpishi wa njahi, anayejua zisivyoliwa bila kuchemka vya kutosha, angeelewa mara moja kwa nini walizitazama.

Bunia ina sababu zake za kuutaka ufundi huu. Mei 2021 mkoa wa Ituri, wenye mji wa Bunia, uliwekwa chini ya hali ya dharura ya kijeshi, na mwanafunzi wa kilimo hawezi kuamka tu akapanda pikipiki kwenda kukagua mashamba ya Djugu. Data ya jenomu haina kizuizi cha barabarani. (Ina vizuizi vingine: umeme, na mega za intaneti zinazokwisha kama maji ya mtungi uliopasuka.) Lakini asidanganywe mtu kwamba kioo kinatosha. Anayejua ugonjwa wa mnyauko ulivyoiangamiza mibuni ya Isiro na Beni atauliza jeni za robusta maswali ambayo asiyewahi kuuona hawezi kuyauliza.

Hata arabika ya vilima vya Mahagi imo katika habari hii, kwa kuwa arabika yenyewe ilizaliwa na robusta na mbuni wa aina nyingine, Coffea eugenioides. Jenomu ya robusta iko wazi kwa yeyote, bila malipo. Basi walimu wa baiolojia na kilimo wa Bunia wampe kila mwanafunzi jeni moja ya mbuni, wamwachie muhula mzima, na siku ya mtihani wamtake autetee kila ukingo alioupanga.