Lango Lisilo na Nyumba: Kuisoma Stesheni ya Anhalter

Katika mji wa Berlin, ukingoni mwa uwanja uitwao Askanischer Platz, pamesimama kipande cha ukuta wa matofali ya rangi ya manjano, chenye matao upande wa chini na madirisha ya mviringo upande wa juu. Madirisha hayana vioo, na nyuma yake hapana nyumba. Ukiyatazama unaona mbingu. Mpita njia asiye na habari aweza kudhani kwamba ni lango la kasri la mfalme aliyesahauliwa. Kumbe ni mabaki ya Anhalter Bahnhof, stesheni ya gari la moshi iliyokuwa miongoni mwa kubwa kabisa barani Ulaya katika zama zake.

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kuletewa tahakiki za tenzi na za diwani. Leo nawaomba radhi tulisome jengo, tena jengo ambalo sehemu yake kubwa haipo. Jambo hili si geni kwetu kama linavyoonekana. Sisi tunazo hati za kale ambazo kurasa zake zimeliwa na mchwa, tukasaliwa na beti za dua na hamdala huku kisa chenyewe kimepotea. Mhakiki wa hati ya namna hiyo hukabiliwa na swali moja: je, beti zilizosalia zaweza kuibeba maana ya utenzi mzima? Swali hilohilo ndilo ninalotaka kuliuliza mbele ya lango hili. Rai yangu ni kwamba zaweza, ila kwa sharti kwamba msomaji asizilazimishe kusema jambo moja tu.

Tuanze na asili. Reli ya kutoka Berlin kuelekea nchi ya Anhalt ilifunguliwa mwaka 1841, na stesheni ikachukua jina la nchi hiyo. Mji ulipokua na Berlin ikawa makao makuu ya dola mpya ya Ujerumani, jengo la mwanzo halikutosha tena. Msanifu Franz Schwechten akapewa kazi ya kujenga jipya, nalo likafunguliwa tarehe 15 Juni 1880 mbele ya Kaizari Wilhelm wa Kwanza. Ukumbi wa treni ulikuwa na urefu wa karibu mita 170 na upana wa zaidi ya mita 60, na paa lake la chuma na vioo lilipanda hadi kiasi cha mita 34, bila ya nguzo hata moja katikati.

Mtu aliyelipigia hesabu paa hilo anatuhusu sisi wapenzi wa mashairi. Jina lake Heinrich Seidel, mhandisi aliyezaliwa mwaka 1842, naye alikuwa pia mshairi na mtunzi wa hadithi. Mwaka uleule wa 1880 aliacha uhandisi akaishi kwa kalamu yake, na Wajerumani wengi wanamkumbuka kwa visa vya Leberecht Hühnchen, mtu wa kipato kidogo ajuaye kufurahia alichonacho. Mtu aweza kusema kwamba hiyo ni sadfa tu. Mimi naona ipo hekima ndani yake. Mwenye kutunga hujua kwamba mizani haiko kwa ajili ya pambo. Ndiyo inayolibeba shairi lisianguke. Paa la Seidel lilikuwa mizani ya namna hiyo. Chuma chake kilijibeba chenyewe, na chini yake watu wakapata nafasi ya kuagana.

Hata hivyo jengo lilikuwa na unafiki wake, na mhakiki hana budi kuutaja. Uso wake wa matofali ulijitia ukasri, ilhali moyo wake ulikuwa wa chuma, makaa na masizi. Ndani yake abiria walitengwa kwa madaraja, kila tabaka na ukumbi wake wa kungojea, na Kaizari akawa na mlango wake peke yake. Juu ya lango, ubavuni mwa saa, ziliwekwa sanamu mbili za Ludwig Brunow, moja ikiitwa Mchana na ya pili Usiku. Ujumbe wake ulikuwa wazi: hapa safari hazikomi, na wakati hauna upendeleo. Leo saa yenyewe haipo, na sanamu za asili zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya ufundi la mji huo.

Kwa watu wa Berlin hili lilikuwa lango la kusini. Treni ziliondoka hapa kwenda Leipzig, Dresden, München, Prague na Vienna, na wenye uwezo waliendelea hadi Italia kufuata jua. Walter Benjamin, aliyezaliwa Berlin mwaka 1892, ameiweka stesheni hii katika kitabu chake cha kumbukumbu za utotoni, Berliner Kindheit um neunzehnhundert. Akilini mwa mtoto yule jina la Anhalter lilikaribiana na neno la Kijerumani lenye maana ya kusimama, kwa hiyo mahali penyewe pakawa kama nyumbani kwa treni zote. Msomaji na azingatie kwamba Benjamin aliyaandika hayo katika miaka ya 1930, naye yuko uhamishoni, na kwamba alifariki mwaka 1940 katika mji wa mpakani wa Portbou, akijaribu kuikimbia Ulaya iliyokuwa ikimfunga. Stesheni anayoisifu ni ya mtoto anayekwenda likizo. Mkono unaoandika ni wa mtu asiyeweza kurudi.

Hapo ndipo tunapoifikia safari ya pili ya jengo hili. Baada ya Hitler kushika madaraka mwezi Januari 1933, abiria wa likizo waliingiliwa na abiria wa namna nyingine. Heinrich Mann, mwandishi wa riwaya, aliondoka Berlin tarehe 21 Februari mwaka huo akiwa na mzigo mdogo, asije akashukiwa. Siku saba baadaye, kesho yake baada ya jengo la Bunge kuungua, Bertolt Brecht alitoka kwenda Prague. Mkimbizi na mtalii walikata tikiti dirisha moja na kupanda behewa moja. Aliyesimama pembeni hangeweza kuwatofautisha, labda kwa namna tu ya kutazama nyuma.

Safari ya tatu ndiyo nzito kuisema. Kuanzia mwezi Juni 1942 hadi mwaka 1945, Wayahudi wapatao 9,600 walipelekwa kwa nguvu kutoka stesheni hii hadi Theresienstadt, wengi wao wazee. Zilikuwako stesheni nyingine za Berlin zilizotumika kwa kazi hiyo, hasa Grunewald na Moabit, na kutoka huko watu walisafirishwa kwa maelfu katika treni maalumu. Hapa Anhalter utaratibu ulikuwa tofauti. Watu waliletwa katika makundi ya hamsini au mia, wakatiwa katika mabehewa ya daraja la tatu yaliyofungwa kwenye treni za kawaida za ratiba. Katika mabehewa ya mbele abiria wengine walikuwa wakienda zao. Yote yalifanyika mchana kweupe, chini ya paa la mshairi.

Na lugha nayo ilitumika. Wazee wale walitiwa saini mikataba iliyowafanya watoe akiba yao yote, wakiambiwa kwamba wananunua malazi, chakula na matunzo ya uzeeni hadi mwisho wa maisha yao. Kufukuzwa kukaitwa kuhama makazi. Sisi tunaoishi kwa maneno tunapaswa kulitafakari jambo hili kuliko wengine, maana tunapenda kusema kwamba lugha ni hazina. Lugha ni hazina, naam, lakini hazina huibwa. Mnyang'anyi huweza kulichukua neno la upole kabisa, kama vile "matunzo", akaliandika juu ya mlango wa maangamizi.

Mshairi aliyelielewa hilo kwa uchungu mkubwa ni Paul Celan. Tarehe 10 Novemba 1938, akiwa na umri wa miaka 17, alipita Berlin safarini kutoka Czernowitz kwenda kusomea udaktari Ufaransa. Usiku wa kuamkia siku hiyo masinagogi yalikuwa yamechomwa moto nchini kote. Miaka mingi baadaye, katika shairi lake "La Contrescarpe", lililomo ndani ya diwani Die Niemandsrose ya mwaka 1963, aliitaja stesheni ya Anhalter kwa jina, na akautaja moshi. Msomaji anayejua kwamba wazazi wa mshairi huyo waliangamia katika vita vile haambiwi moshi huo ni wa nini. Huu ndio ufasaha wa kweli: neno moja la kawaida la stesheni, moshi, linabebeshwa yale ambayo kitabu kizima kingeshindwa kuyabeba. Na tukumbuke kwamba shairi lilipochapishwa, paa lile halikuwako tena. Shairi limelihifadhi jengo kuliko matofali.

Asiseme mtu kwamba hayo ni ya Wazungu na sisi hayatuhusu. Kiswahili kilikuwapo Berlin tangu karne ya kumi na tisa. Amur bin Nasur, Mzanzibari, alikifundisha huko kuanzia mwaka 1891 hadi 1895, na habari za maisha yake zilichapishwa mwaka 1894 katika mkusanyiko wa C. G. Büttner. Baada yake akaja Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Na Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, alikuwa msaidizi wa masomo ya Kiswahili katika mji huo hadi utawala ule ulipomkamata mwaka 1941. Alifariki katika kambi ya Sachsenhausen mwezi Novemba 1944. Yeye hakupitishwa katika lango hili, kwani Sachsenhausen iko kaskazini ya mji. Lakini dola iliyomkamata ndiyo iliyowapeleka wazee wale. Kwa hiyo tunapolisoma lango hili tunasoma pia ukurasa wetu.

Mwisho wa jengo ulikuja kwa hatua. Mabomu yaliliharibu mwaka 1943, kisha tarehe 3 Februari 1945 yakaliharibu vibaya zaidi. Baada ya vita treni zilirudi kwa kiasi, lakini mji ulikuwa umegawanywa: stesheni ilikuwa upande wa magharibi, na reli zake zilikwenda katika nchi ya mashariki. Mwezi Mei 1952 Ujerumani Mashariki ikazielekeza treni kwenye stesheni ya upande wake, na Anhalter ikafungwa. Mwaka 1959 ubomoaji ukaanza. Watu wakalalamika, ndipo kikaachwa kipande hiki cha lango.

Hapa upo ulinganisho ambao sijauona ukifanywa ipasavyo. Schwechten ndiye pia aliyejenga kanisa la ukumbusho wa Kaizari Wilhelm katika mji uohuo, nalo likapigwa mabomu mwaka 1943. Mnara wake uliovunjika ukaachwa, na mwaka 1961 kanisa jipya la Egon Eiermann likakamilika ubavuni mwake. Gofu lile likapata mwenzake wa kuzungumza naye, na watalii hulizunguka kila siku. Gofu la stesheni halikupata mwenzake. Nyuma yake pana uwanja wa michezo wenye jina la Lilli Henoch, mwanariadha Myahudi aliyepelekwa Riga mwaka 1942 na kuuawa. Mtu angesema kwamba stesheni imedhulumiwa. Mimi nasema imenusurika. Mnara wa kanisa umezoeleka hata umekuwa picha ya kadi. Lango la Anhalter bado linamkwaza mpita njia, kwa kuwa halijaelezewa na mtu.

Ndiyo sababu napokea kwa moyo wa furaha na hadhari mpango wa kujenga jumba la makumbusho ya uhamisho nyuma ya lango hili. Mwaka 2011 Herta Müller, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fasihi, alimwandikia Kansela Angela Merkel barua ya wazi akitaka paweko mahali pa kuwakumbuka waliolazimika kuikimbia Ujerumani ya Hitler. Taasisi ya jumba hilo iliundwa mwaka 2018, na mwaka 2020 mchoro wa Dorte Mandrup wa Denmark ukachaguliwa. Katika mchoro huo jengo jipya linajipinda nyuma ya gofu bila ya kuligusa. Adabu hiyo naisifu: ndivyo afanyavyo mwenye kuongeza beti katika utenzi wa marehemu, akaweka alama mahali pake anapoanzia.

Hofu yangu ni ya maana, si ya umbo. Uhamisho ni jina la safari ya pili peke yake. Brecht alirudi, wale wazee wa daraja la tatu hawakupelekwa uhamishoni. Iwapo jina moja litalimeza lango zima, tutakuwa tumerudia, kwa nia njema, kosa la kuliita jambo kwa jina la jambo jingine. Wahenga walisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mahali hapa panaupinga usemi huo. Yaliyopita ni ndwele, na mganga asiyejua jina la ndwele hana dawa.

Chini ya ardhi, mahali hapohapo, ipo stesheni ndogo ya treni za mjini iliyofunguliwa mwaka 1939, nayo inafanya kazi hata leo. Treni hufika, jina la Anhalter Bahnhof hutangazwa, watu hushuka na wengine hupanda. Wengi hawana haja ya kupanda juu kutazama. Lakini jina linatamkwa kila siku, na maadamu linatamkwa, aliyesikia anaweza kuuliza liko wapi jengo lenyewe.